Siku Mbili za Rodaji

Mwanangu Ruta,

Juzi uligombana nami mbele ya mteja, na haki ilikuwa yako. Yule mvuvi wa Chisenga alikuja na moteri ya mtumbwi wake begani, akauliza bei ya kuifungua yote, kubadilisha pistoni na ringi, kisha kuifunga. Nikamtajia. Akacheka, akaibeba tena, akavuka barabara kwenda kwa jirani yetu mwenye ubao ulioandikwa KUFUNGUA NI BURE. Ukanigeukia, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, ukasema: "Papa, weye unafukuzaka bakiliya. Siku mbili za rodaji, nani analipaka ile? Bengine banafanyaka saa moja tu, inaisha."

Nikakujibu kwa mzaha, kama kawaida yangu. Nikasema moteri mpya ni bibi harusi, haipelekwi shambani siku ya kwanza. Ulicheka kidogo ukarudi kazini. Umeniuliza swali hilo tangu siku uliyoanza kushika spana, na kila mara nimekupa mzaha mwingine. Leo nakupa jibu.

Wewe uko kanisani, wanakwaya wenzako wanakuombea safari. Nimefunga garaji mapema na nimekaa kwenye benchi letu la kazi, bado kuna mwanga. Sitakuandikia habari za nauli, wala chakula, wala wanaume wa Kitwe. Shangazi yako amekwisha kukuambia hayo yote mpaka umeziba masikio. Nataka kukuandikia juu ya bei ya kazi, ile ambayo Wazambia wanaiita leba, kwa sababu unakwenda kuifanya kazi hii kwenye garaji kubwa, na kwa sababu bei hiyo ndiyo iliyoharibu nyumba yetu.

Huko Kitwe watakuonyesha kitabu. Kitabu kinasema kushusha moteri ya lori ni saa kadhaa, kufungua kichwa chake ni saa kadhaa, na mteja analipa saa hizo hata kama fundi amemaliza mapema. Kiheshimu kitabu hicho, lakini ujue kwamba aliyekiandika alikuwa na moteri safi mbele yake. Hakukutana na bolti iliyokaa miaka kumi kwenye vumbi la Mununga, inayokatika kichwa ukiigusa, ukabaki nusu siku unaitoboa huku unamtaja shetani kwa majina yake yote. Saa hizo za kutu hazimo kitabuni. Sema mapema kwamba zinaweza kuja.

Sisi hapa ziwani hatuna kitabu. Tuna macho. Mteja akiingia, fundi anaangalia viatu vyake, anaangalia kama ana simu moja au mbili, anaangalia kama ana haraka. Nilikuwa hivyo pia. Jirani yetu anafungua bure, halafu moteri ikishakuwa vipande ndani ya beseni ndipo anataja bei, maana mtu ambaye moteri yake iko ndani ya beseni hana mdomo tena. Nilijifunza ufundi kwa mzee mmoja kule Kilwa ya kwetu, ng'ambo ya ziwa hili, ambaye aliniambia jambo moja tu juu ya bei: "Bei inasemwaka moteri ikiwa ingali imefungwa. Ukishafungua, kinywa chako nacho kinafungwa." Hilo nililishika. Sijawahi kumpandishia mtu bei moteri yake ikiwa ndani ya beseni. Nilijisifu sana kwa hilo, na majivuno hayo yalinipofusha nisione kosa langu lingine.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Unajua jinsi mwaka wetu unavyokwenda. Mwezi wa kumi na mbili serikali inafunga ziwa, samaki wazaliane, na sisi tunasema tumeingia ferme. Hakuna mtumbwi unaotoka kuvua, hakuna pesa, na moteri zote zinalala. Hapo bei ya kazi inaanguka mpaka nusu, kwa sababu mafundi nao wanataka kula. Mtu mwenye akili analeta moteri yake wakati huo. Halafu mwezi wa pili unaelekea mwisho, ziwa linakaribia kufunguliwa, na wale waliolala wanaamka wote siku moja. Bei inapanda mara mbili, mara tatu. Kila mtu anataka awe wa kwanza kufika kwenye kambi za wavuvi kununua samaki wa kwanza.

Mwaka ule, miaka sita iliyopita, Mama Mado alileta moteri yake katikati ya ferme.

Najua jinsi mwili wako unavyokuwa ukisoma jina hilo. Nakuomba usiikunje barua. Soma mpaka mwisho, ndipo uamue.

Alikuja yeye mwenyewe, akifuatwa na mtu mwenye toroli. Mtumbwi wake ulikuwa mkubwa, alikuwa akiwabeba wanawake wafanyabiashara kwenda visiwani na kuwarudisha na samaki. Tulikaa hapa hapa kwenye benchi tukakubaliana: kufungua, kubadilisha, kufunga, na siku mbili za rodaji. Unaijua rodaji, lakini acha niitaje kama nilivyomtajia yeye siku ile. Pistoni mpya na ringi mpya bado ni kali, hazijazoeana na chuma cha zamani. Unaongeza oili kwenye petroli, unaiwasha moteri ndani ya pipa la maji, halafu ziwani karibu na ufuko, polepole, unaipumzisha, unaiwasha tena, siku mbili. Ukiikosesha hiyo, ukaipa mzigo na mwendo siku ya kwanza, inapata moto na pistoni inashika ndani, moteri inagoma kuzunguka. Mama Mado alisikiliza vizuri akasema, "Basi Papa Ruta, hizo siku mbili njo nanunua kwako. Vyuma hata duka linauzaka."

Aliielewa kazi yangu kuliko mimi. Vyuma vinauzwa dukani. Kwa fundi mtu ananunua siku zake.

Niliifungua moteri yake, nikabadilisha kila kitu, nikaifunga vizuri sana. Kazi ile ilikuwa safi, hata leo siioni aibu. Ikabaki rodaji. Nilikuwa na wiki nzima mbele yangu, nikasema nitafanya kesho, na keshokutwa, na kwa kuwa bei yake ilikuwa bei ya ferme, moteri ile haikuwa inanisukuma. Halafu, zikiwa zimebaki siku mbili ziwa lifunguliwe, akaja tajiri mmoja wa Mununga na moteri mbili zilizokufa. Hakubishana hata kidogo. Aliuliza tu kama zitakuwa tayari siku ya kufungua, akataja mwenyewe bei ambayo sikuwahi kuisikia.

Nilikuwa na siku mbili. Mama Mado alikuwa amekwisha kuzinunua. Nikamuuzia tajiri siku zile zile.

Sikuona kama ninaiba, Ruta. Nataka ulielewe hili, kwa sababu hivyo ndivyo litakavyokujia na wewe. Nilijiambia moteri ya Mama Mado imefungwa vizuri, itajifanyia rodaji yenyewe njiani kama wakienda taratibu. Nilijiambia nitamwonya mwenye usukani. Nilimwona siku iliyofuata akipita na jerikani, kulikuwa na watu watatu wamesimama wakinisubiri, nikaona haya kusema mbele yao kwamba kazi haijaisha. Nikamwacha apite.

Jioni ile mama yako aliniletea chakula hapa garaji, bukari na samaki wadogo wa kisense. Alikaa juu ya tairi la lori, lile ambalo bado liko mlangoni. Alikuwa anaijua kazi hii kwa masikio, miaka mingi ya kunisikiliza nikijigamba. Akaniuliza:

"Moteri ya Mado imeisha?"

"Imeisha."

"Na rodaji?"

"Nimefanya."

Watu wale watatu walikuwa wangali hapo. Labda ndiyo sababu nilidanganya. Labda hata tungekuwa wawili tu ningedanganya, sijui, na nimejiuliza mara nyingi. Hakusema kwamba yeye mwenyewe atasafiri. Nilidhani atakwenda Jumamosi na boti kubwa, kama kila mwaka. Alikusanya vyombo akaniambia nisichelewe.

Yaliyofuata unayajua, ulikuwa na miaka kumi na minne. Ziwa lilifunguliwa, mitumbwi ikatoka yote kwa pamoja ikishindana, na katikati ya njia ya kisiwa cha Chisenga moteri ya Mama Mado ikashika. Upepo ulikuwa umeanza. Mtumbwi usio na moteri ukageuka ubavu kwa mawimbi, ukajaa maji, ukapinduka. Wengi waliushikilia mpaka wakaokolewa, Mama Mado mwenyewe akiwa mmoja wao. Mama yako hakuonekana mpaka siku ya tatu.

Usilolijua ni hili. Walipouvuta mtumbwi ufukoni na moteri ikiwa bado imefungwa nyuma yake, watu waliniita mimi, fundi, mume wa marehemu, niseme ni nini. Niliondoa plagi, nikavuta kamba. Haikuzunguka hata kidogo. Nilijua kabla sijaifungua. Watu walikuwa wamenizunguka wananitazama, wengine wanalia. Nikainua jerikani la Mama Mado lililokuwa limefungwa mtumbwini, nikafungua kizibo, nikanusa, nikasema: "Esansi hii iko na mayi."

Maneno matano, mwanangu. Petroli yake haikuwa na maji. Hakuna mtu mwingine aliyenusa. Fundi amesema, nani atabisha?

Tangu saa ile akawa mwanamke aliyewanywesha wenzake maji kwa tamaa ya kuokoa pesa kidogo ya petroli. Alisema hapana, aliapa, nani alimsikiliza? Wanawake wakaacha kupanda mtumbwi wake, hata alipopata moteri nyingine. Akauuza mtumbwi. Akaenda Mantapala, ambako dada yake ana shamba kati ya wakimbizi wenzetu, akawa analima nyanya na kuja kuziuza hapa stendi.

Na unakumbuka siku ile ya nyanya. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulimkuta stendi, ukapiga teke beseni lake, nyanya zikatawanyika chini ya magurudumu ya mabasi, ukamwita muuaji wa mama yako. Mimi nilikuwa nyuma yako hatua tano. Nilikuwa na bisibisi mkononi, tulikuwa tunatoka kutengeneza minibasi. Mama Mado alinitazama mimi, siyo wewe. Alijua? Nilifikiri anajua. Halafu akainama akaanza kuziokota moja moja, na mimi nikakushika mkono nikasema twende nyumbani. Jioni uliniuliza kama nimekasirika. Nikasema hapana. Ulidhani nimekuonea fahari, na nikakuacha udhani hivyo.

Katika maovu yangu yote, hilo ndilo linaloniamsha. Mama yako nilimpoteza kwa uvivu na tamaa, na Mungu anajua nilivyolia. Lakini wewe nilikupa chuki ambayo haikuwa yako, nikakuacha uibebe miaka sita, ili mimi nisiibebe aibu yangu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu sana, na kila siku yake nimeifanyia kazi. Kila moteri iliyopita hapa tangu mwaka ule nimeifanyia rodaji siku mbili kamili, hata ya mtu ambaye hakulipa. Ndiyo maana bei yangu ni kubwa na garaji ni tupu. Nilifikiri nikifanya hivyo kwa miaka ya kutosha itafika siku nitakuwa nimelipa. Hailipiki hivyo. Siku mbili za leo haziingii ndani ya moteri ya jana.

Mwezi uliopita nilikuaga nikasema nakwenda Mantapala kuangalia moteri ya kinu. Hakukuwa na kinu. Nilikwenda kwa Mama Mado. Nilimkuta shambani anafunga miche ya nyanya kwenye vijiti. Amezeeka, Ruta. Hakuninyima kiti. Nikamwambia yote, tangu tajiri wa Mununga mpaka jerikani. Hakulia wala hakunitukana. Aliendelea kufunga miche, nami nikabaki nimekaa kama mjinga. Mwishowe akasema:

"Mama Ruta hakukuwa wa kusafiri na miye ile siku. Nilimwambia mtumbwi umejaa, angoje Jumamosi. Akacheka. Akasema, 'Moteri hii ilipita ku mikono ya bwana yangu, miye naenda nayo.' Nikamupatia nafasi mbele."

Nilidhani hakuna kitu kilichobaki cha kunivunja. Kumbe kilikuwapo.

Nikamwomba msamaha. Akaniuliza: "Ulishamwambia Ruta?"

"Bado."

"Basi bado hujaniambia kitu." Akaniletea maji ya kunywa, nikanywa, nikaenda zangu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga maneno, na mwezi mzima umepita nikiyatafuta kila asubuhi ukiwa unavaa ovaroli yako mbele yangu. Kwa mdomo nimeshindwa. Kwa hiyo ndiyo haya.

Jumapili ijayo nitasimama kanisani niyaseme mbele ya watu, jina lake nikilitaja. Nimekwisha kumwambia mchungaji kwamba nina neno. Sijafanya hivyo leo kwa sababu moja tu, nilitaka wewe usilisikie kwa watu.

Unakwenda kuwa fundi mzuri kuliko mimi, mikono yako inasikia vitu ambavyo yangu haikusikia hata nikiwa kijana. Siku itafika utaulizwa bei ya moteri kubwa, na mwenye kuuliza atakuwa mnyonge, na nyuma yake atasimama mwenye pesa na haraka. Sina fundisho refu. Taja bei moteri ikiwa imefungwa, weka ndani yake kila siku ambayo kazi inaitaka, hata ile ambayo mteja haioni, na siku uliyokwisha kuiuza si yako tena. Akikataa bei, mwache avuke barabara. Ni afadhali avuke barabara.

Kama baada ya kusoma hutaki tena ufundi huu, uache. Kama hutaki kuniita papa kwa muda, au kwa siku zote, sitamtuma mtu kukubembeleza. Nitaumia, nisikudanganye tena, nitaumia sana. Lakini nitajua maumivu hayo yametoka wapi.

Kesho sitakusindikiza stendi. Nitakuwa hapa. Moteri ya mvuvi yule wa Chisenga imerudi mchana huu, jirani ameifungua bure na akashindwa kuifunga, kwa hiyo nimeichukua, usiku huu naifunga, na asubuhi itakuwa ndani ya pipa, siku yake ya kwanza.

Mama Mado atakuwa stendi na beseni lake. Nilimtumia ujumbe kwamba unasafiri. Hakujibu atakuja wala hatakuja, lakini kesho ni siku yake ya soko. Basi linaondoka saa kumi na mbili, na najua jinsi unavyochelewa kuamka. Muda utakutosha kwa mtu mmoja tu. Usije kwangu, Ruta. Nenda kwake, umsaidie kulitua beseni kichwani.

Papa yako